Fremu Kwanza

Kazi ya kuweka kioo kipya cha mbele huanza siku moja kabla ya kioo chenyewe kuguswa. Gari limeingizwa kivulini, kioo kilichopasuka kimetolewa, na fundi amepiga magoti juu ya boneti, msasa mkononi, anasugua ukingo wa chuma unaozunguka ule uwazi. Mpita njia huona gari lisilo na kioo na mtu anayesugua kutu, akadhani kazi bado. Mwenye gari naye hudhani hivyohivyo, ndiyo maana kila baada ya muda huja na swali lake: "Fundi, utaanza saa ngapi?"

Ameshaanza. Kwa kipimo chake mwenyewe, sehemu iliyo ngumu ndiyo hii.

Fundi huyu ana garaji ndogo Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na magari anayoyapokea ni yale yanayokwenda na kurudi njia ya Kabambare, Lusangi na Saramabila. Jina lake nitaliacha, maana hapendi kutajwa. Hupenda kazi yake itazamwe. Nimemtazama mara nyingi, na kilichonivuta kwake tangu mwanzo ni jinsi anavyokataa kuharakishwa, bila kelele na bila kumdharau anayemharakisha.

Huku kwetu kioo cha mbele ni mali ya wachache. Barabara zimejaa pikipiki na baiskeli, na abiria wa pikipiki hupokea vumbi na mvua usoni. Magari yenye vioo ni malori ya wafanyabiashara yanayopakia mchele na mawese, magari ya misheni na ya mashirika, na Land Cruiser za zoni za afya. Hizi za mwisho ndizo zinazonifanya niione kazi ya fundi huyu kuwa kubwa kuliko garaji yake. Maniema ina zoni za afya 18, na Lusangi ni mojawapo, pamoja na Kasongo, Kabambare na Saramabila. Kasongo ina jambo la kujivunia hapa. Kuanzia 1971, madaktari wa nchi hii na wale wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijaribu hapa mfumo wa vituo vya afya vya vijijini vinavyofanya kazi pamoja na hospitali moja, na jaribio hilo lilichangia kuzaa mpangilio wa zoni za afya unaofuatwa leo katika Kongo nzima. Mpangilio huo unategemea gari. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na gari likisimama kwa sababu ya ufa mbele ya macho ya dereva, barafu ndani ya kisanduku inaendelea kuyeyuka.

Ufa wenyewe huanza kama kitu kisicho na maana. Kiangazi kikifika, kati ya Juni na Agosti, barabara nyekundu hukauka na kuacha changarawe juu. Lori linapopishana na Land Cruiser, tairi hurusha kijiwe, kinagonga ta! na dereva anatazama asione kitu. Labda anaona kinukta cheupe, kama chembe ya chumvi. Siku mbili baadaye ana ufa wenye urefu wa kiganja. Juma likiisha umefika upande wa pili.

Inafaa kueleza kwa nini hakivunjiki mara moja. Kioo cha mbele ni vioo viwili, kila kimoja kina unene wa milimita 2 hivi, na katikati yao kuna utando wa plastiki usiofika milimita moja. Jiwe hupasua kioo cha nje. Cha ndani kwa kawaida hubaki kizima, na ule utando hushika vipande visimwangukie mtu. Habari ya kuvumbuliwa kwake naipenda. Mwaka 1903, Mfaransa Édouard Bénédictus, msanii aliyekuwa pia mkemia, aliangusha chupa ya maabara. Ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu dawa iliyokuwamo zamani ilikuwa imekauka na kuacha ngozi nyembamba ndani yake. Mwaka 1909 akapata hataza ya kioo cha tabaka. Plastiki ya miaka ile iligeuka njano juani, na katika miaka ya 1930 ikapatikana iliyo bora zaidi, ya aina inayotumika mpaka sasa. Vioo vya milangoni ni vya aina nyingine kabisa: hivyo vimechomwa na kupozwa ghafla kiwandani, na vikivunjika humwagika vyote kwa punje ndogo. Fundi wetu huviita vioo vya kuaga.

Ufa hutambaa kwa sababu mbili, na zote mbili ziko nyingi Maniema. Ya kwanza ni joto: kioo kilichochomwa na jua tangu asubuhi kikipigwa na mvua ya ghafla, upande mmoja hujikunja kabla ya mwingine. Ya pili ni mashimo. Gurudumu moja likizama na jingine likipanda, gari zima hujipinda kidogo, na pale mbele kioo ndicho kisichojua kujipinda. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa fundi kwa kila dereva hauna gharama: jiwe likigonga, bandika kipande cha utepe safi juu ya kidonda siku hiyohiyo, vumbi na maji yasiingie. Kidonda kidogo kikiletwa kikiwa safi, anaweza kukitibu bila kubadilisha kioo. Huvuta hewa iliyomo kwa kipampu kidogo, huingiza utomvu mwepesi, kisha hulisogeza gari juani, kwa sababu utomvu huo hukazwa na mwanga wa jua. Uingereza, wakaguzi wa magari huruhusu mbele ya dereva dosari isiyozidi milimita 10, na kwingineko kwenye eneo la waipa isiyozidi 40. Yeye hana kipimo cha chuma. Hutumia ukucha wa kidole kidogo, akakaa kwenye kiti cha dereva, akatazama barabara kupitia kidonda chenyewe.

Ukucha huo una kazi nyingine. Ufa mrefu ukiletwa, huupitisha polepole juu yake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine akitafuta mahali ulipozaliwa. Ufa wa jiwe una kishimo; ukucha hunasa hapo. Ufa usio na kishimo, ulioanzia pembeni ndani ya mpira, una baba mwingine: kutu iliyovimba chini ya mpira, fremu iliyopinda katika ajali ya zamani, au fundi aliyetangulia aliyelazimisha kioo kikae mahali pasipo sawa. Tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu bima nayo huiuliza.

Kuhusu bima nitaanza na lile ambalo wenye magari wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Sheria ya Kongo inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya madhara atakayowafanyia wengine. Wajibu huo umewekwa tangu tarehe 5 Januari 1973. Bima hiyo hailipi kioo chako. Ili kioo kilipwe, mkataba lazima uwe umetaja kuvunjika kwa vioo, au uwe ule mkubwa unaofunika hatari zote. Kwa karibu nusu karne duka la bima lilikuwa moja tu, SONAS, shirika la serikali lililoanzishwa 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na kuanzia 2019 kampuni za binafsi zikapewa vibali. Magari ya mashirika mara nyingi huja na ule mkataba mkubwa. Lori la mfanyabiashara wa Lusangi mara nyingi lina karatasi ile ya lazima tu, na mwenyewe hufungua mfuko wake.

Kwingine mambo hupangwa kwa namna zake. Kenya, mkataba mkubwa wa gari huwa na kiwango chake cha kioo cha mbele, mara nyingi shilingi 30,000 au 50,000, na anayetaka zaidi huongeza ada. Katika jimbo la Florida, Marekani, mwenye bima kubwa hakatwi sehemu yake kioo cha mbele kinapobadilishwa; sheria imekataza. Ufaransa, sheria ya 2014 ilimpa mwenye gari haki ya kuchagua fundi mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitamani ienee kila mahali, kwa sababu kioo kilekile, mikononi mwa watu wawili, kinakuwa kazi mbili tofauti.

Gari lenye bima linapoingia garajini, fundi hakitoi kioo mara moja. Hili nimeliona likiwakasirisha madereva, na nadhani wanakosea. Kwanza anaosha kioo. Kisha anampa dereva maelekezo ya picha: moja ya gari zima ikionyesha bamba la namba, moja ya kioo chote, moja ya karibu ikionyesha kile kishimo, kidole kikiwa kando yake ili ukubwa uonekane. Picha ya karibu hupigwa kutoka ndani na karatasi nyeusi nje, la sivyo ufa hupotea kwenye mwanga. Halafu dereva huandika maelezo yake: siku, mahali, saa, alikuwa akipishana na nini. Huambatanisha nakala ya kadi ya gari na cheti cha bima. Mwisho ni karatasi ya fundi ya makadirio ya gharama, proforma, na hiyo nitairudia.

Huko ofisini, Kindu au Bukavu au Goma, mtu ambaye hajawahi kuiona barabara ya Lusangi ataamua kwa kutazama karatasi hizo. Fundi analijua hilo, na anaziandaa kwa adabu ileile anayoiandalia fremu. Herufi zake ni kubwa na zimenyooka. Namba ya chasisi huisoma kwa sauti huku mwanagenzi wake akiifuata kwa kidole kwenye kadi, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa bahasha yote hurudi. Kioo cha zamani akikitoa hakitupi. Hukisimamisha ukutani, kishimo kimezungushiwa duara la chaki, mpaka jibu la bima lifike.

Na kioo kipya nacho kina safari yake. Kikija kwa reli ya Kindu na Kongolo hushushwa Samba, kikavushwa Lualaba kwa pantoni hapo Kasongo-Rive, ndipo kipande Kasongo. Kikija kwa lori kutoka mashariki, kina siku nyingi za matope. Kwa vyovyote vile lazima kisafiri kimesimama. Kioo kilicholazwa hujipinda kwa uzito wake mwenyewe katika kila shimo, na hufika kikiwa kimepasuka bila mtu kujua ni shimo lipi. Nimeona vikija vimefungwa kati ya magodoro mawili na kukazwa kwenye ubavu wa lori, na wapakiaji wakigombezwa zaidi na mwenye godoro kuliko na mwenye kioo.

Njia hizi zimezoea kubeba kioo. Shanga zilizotumika kama fedha katika misafara ya karne ya 19, zile nyekundu za samesame na nyingine, nyingi zilikuwa vioo vya Venice. Zilitoka pwani mabegani mwa wapagazi, zikavuka Ziwa Tanganyika, zikafika Kabambare na Kasongo kabla ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kuifanya Kasongo makao yake. Mvumbuzi Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, tangu katikati ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kwenda mbele. Shanga zilivumilia safari kwa kuwa ni ndogo. Sijui mpagazi wa wakati ule angesema nini akikabidhiwa kioo kimoja cha karibu kilo kumi, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kuambiwa kisiguswe na kitu.

Sasa turudi kwenye chuma.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa 1984 na bado zinatengenezwa, zina kioo karibu bapa kinachoshikwa na mpira mmoja unaozunguka pande zote. Mpira huo una mifereji miwili. Mmoja, wa ndani ya duara, hushika kioo. Mwingine, wa nje, hukumbatia ukingo wa fremu ya gari. Hakuna skrubu wala gundi inayobeba uzito. Kila kitu kinategemea kukaana vizuri kwa kioo, mpira na ukingo, na kati ya hivyo vitatu ukingo ndio pekee usioagizwa dukani. Huo ni wa gari, na una historia ya gari.

Mvua za Maniema huingia chini ya mpira uliochakaa na kukaa hapo miezi. Kutu huanza kwenye kona za chini. Huvimba, na mahali ilipovimba husukuma mpira, na mpira husukuma kioo mahali pamoja tu. Kioo kinaweza kubeba msukumo mkubwa ukigawanywa pande zote. Msukumo wa mahali pamoja hukipasua. Ndiyo asili ya ule ufa usio na kishimo. Fundi asiyejali huweka kioo kipya juu ya kutu ya zamani, gari hutoka likimetameta, na mwezi wa pili ufa mpya unaanzia pembeni. Mwenye gari hulaani jiwe ambalo halikuwepo.

Kwa hiyo huyu hukwangua. Kwanza kwa kipande cha msumeno kilichonolewa, kisha kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini. Katika kona hukunja msasa juu ya kijiti, maana kidole hakiingii. Chuma kikianza kung'aa huzima redio yake na kufumba macho. Huzungusha ncha ya kidole kwenye ukingo wote, polepole, akitafuta kwa ngozi kile ambacho jicho linakubali haraka mno. Akipata mahali palipoinuka, hupagonga kidogo kwa nyundo ndogo, kipande cha mbao kikiwa nyuma yake, kisha anaanza tena kuzungusha tangu mwanzo. Haendi hapo moja kwa moja. Anasema ukigusa palepale tu unapasikia pako sawa. Ukija kutoka mbali ndipo unajua.

Ikiwa kutu imekula mpaka pametoboka, husimamisha kila kitu na kumwita mchomeleaji. Kama hapajatoboka, hupaka rangi ya msingi, tabaka nyembamba, na anangoja. Hapa ndipo mazungumzo hufanyika, nami nimeyasikia yakirudiwa na madereva tofauti karibu kwa maneno yaleyale.

"Fundi, nihurumie. Natakiwa Lusangi leo."

"Rangi haijakauka, yaya."

"Mbona imekauka, nimeigusa."

"Juu. Juu imekauka. Kesho asubuhi, yaya. Kaa, chai iko."

Humwita yaya, yaani kaka mkubwa, hata dereva mdogo kwake, na sauti haipandi. Nimewaona watu wakikaa kwenye benchi wakiwa na hasira, na kabla ya glasi ya pili kwisha wakawa wanamuuliza habari za kutu ya milango yao.

Mpira wa zamani hauachwi nyuma. Ukipatikana mpya, vizuri. Mara nyingi haupatikani, na bima imelipa kioo peke yake. Ndiyo maana hata kutoa kioo kilichovunjika kuna ustadi wake. Anayejua atapata mpira mpya huukata ule wa zamani kwa kisu, na kioo kinatoka kwa dakika chache. Yeye hukaa ndani ya gari, ameegemea kiti, nyayo zake mbili zimewekwa kwenye kona ya juu ya kioo juu ya gunia lililokunjwa, na husukuma kwa uzito wa mapaja. Nje, mwanagenzi huusaidia mdomo wa mpira kuvuka chuma kwa kipande cha mbao laini. Bisibisi imekatazwa, inakata. Mpira ukishatoka huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, husuguliwa mfereji hadi mfereji kutoa mchanga na mastiki ya zamani, kisha hulazwa juani ulainike. Petroli haikaribii hapo, kwa sababu hulainisha leo na kuupasua mpira mwakani.

Asubuhi ya pili kioo hulazwa juu ya meza yenye blanketi. Mpira huvishwa kuanzia kona, kona zote nne kwanza, kisha pande. Halafu huja kamba, kamba ya nailoni ya kawaida, nyembamba kuliko kidole kidogo, ndefu ya kutosha kuzunguka kioo chote na kubaki. Hulazwa ndani ya mfereji wa nje, ule utakaoshika ukingo wa gari, na ncha zake mbili hupishana katikati ya upande wa chini, zikining'inia. Povu la sabuni hupakwa kwenye ukingo na kwenye mpira. Watu wawili huinua kioo, wakakiegemeza kwenye uwazi, upande wa chini ukitangulia. Ncha za kamba zinaangukia ndani, juu ya dashibodi.

Fundi huingia ndani, mwanagenzi hubaki nje. Kuanzia hapo hawaonani vizuri, kwa povu na kwa mwanga, na huongea kwa kugonga. Fundi hushika ncha moja na kuivuta kuelekea katikati ya kioo, polepole. Kamba ikitoka kwenye mfereji huinua mdomo wa mpira na kuuvusha juu ya ukingo, na nyuma yake mdomo hufunga. Upana wa vidole viwili. Anasimama. Anagonga kioo mara moja, na mwanagenzi nje hupiga kwa kiganja wazi mahali palepale, kukikaza. Anavuta tena. Upande wa chini, kisha nusu ya kushoto, kisha anabadilisha ncha na kwenda nusu ya kulia, ili kioo kisivutwe upande mmoja. Kwenye kona mkono wake hupunguza mwendo mpaka mtu asiyejua angedhani amekwama. Kona ndipo mpira hupenda kujikunja ndani, na ukijikunja usipouona, maji yatauona.

Mara moja nilimshuhudia akimaliza pande tatu na kona tatu, kisha katika kona ya nne akasimama, akasikiliza, akarudisha kila kitu. Kioo kikatolewa, kikarudi mezani, kamba ikalazwa upya. Mwanagenzi hakuuliza. Baadaye nikamuuliza mimi. Akasema kamba ilikuja ikiwa nyepesi. Ilipaswa kukataa kidogo pale, na haikukataa, maana yake mpira ulikuwa haujashika chuma. Kwa jicho langu kona ile ilikuwa sawa na zile tatu. Heshima niliyo nayo kwa kazi hii imejengwa zaidi na saa ile iliyorudiwa kuliko na vioo vyote nilivyoviona vikiingia bila tatizo.

Jaribio la maji ni la ndoo kumi, na haipigwi hata moja kwa nguvu. Maji humwagwa juu ya paa yateremke yenyewe, kama mvua inavyofanya, huku fundi akiwa ndani na karatasi ya daftari, akiigusisha kwenye kila kona ya chini. Karatasi ikitoka na doa, kazi haijaisha.

Kisha ni ile proforma. Garaji nyingi huandika mistari miwili: kioo, na kazi ya mikono. Yake ina mistari mitano: kioo, mpira au kuusafisha mpira, kukwangua na kunyoosha fremu, rangi ya msingi, kuweka. Mstari wa tatu ndio unaoleta simu. Mtu wa bima huuliza kwa nini fremu imo katika dai la kioo. Kwa haki yake, ana hoja: kutu si ajali, na mkataba hulipa lililotokea ghafla. Lakini mimi nasimama upande wa fundi. Kioo kilichowekwa juu ya kutu kitarudi kama dai jingine kabla ya mwaka kwisha, na hilo la pili litalipwa bei nzima ya kioo. Saa chache za msasa ndizo rahisi kuliko vyote katika karatasi ile. Yeye habishani kwenye simu. Hutuma picha mbili za kona ileile, kabla na baada, na hungoja. Mara nyingine mstari hulipwa, mara nyingine hukatwa, na ukikatwa bado anaifanya kazi hiyo, akizungumza na mwenye gari wagawane gharama.

Magari mapya yameanza kufika hata huku, na vioo vyake havina mpira. Vimebandikwa kwa gundi nzito nyeusi, na huwa sehemu ya nguvu ya gari; husaidia kushika paa likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria hutegemea kioo unapofumuka. Kuvitoa, watu wawili hutumia waya mwembamba, mmoja ndani na mwingine nje, wakiuvuta kwa zamu kama msumeno. Gundi yenyewe hukaushwa na unyevu wa hewa, na unyevu ni kitu Maniema haijawahi kukikosa. Hata hivyo anasema kazi ni ileile kwa ukali zaidi: gundi hushika rangi, rangi hushika chuma, na palipo na kutu chini ya rangi hakuna kinachoshikwa. Kuna mteja aliyemletea bomba la gundi alilonunua sokoni, kwa nia njema ya kuokoa muda. Fundi aliligeuza, akasoma tarehe kwenye kitako chake, akamrudishia kwa mikono miwili. Gari likakaa chini ya mti, fremu yake ikiwa safi na imepakwa rangi, mpaka bomba jingine likafika kutoka Bukavu.